Joho la Kukodi

Mwenye duka la majoho hakumuuliza jina wala chuo. Alimuuliza urefu tu, akampa joho jeusi ndani ya mfuko wa nailoni na kumwambia alirudishe kesho kabla ya saa kumi. Kijana alitia saini, akatoka mbio. Ndege ya baba yake ilikuwa inatua saa sita.

Nyumbani kwao baba aliitwa Injinia. Hata mama alimwita hivyo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwenda ng'ambo kusomea uhandisi, na tangu arudi hakuna aliyenunua nyumba bila kumleta kwanza aitazame. Injinia hugonga ukuta mara tatu kwa kifundo cha kidole, hunyamaza, kisha husema, "Hapa pana maji." Watu waliuheshimu sana ule ukimya. Mwanawe alipopata nafasi ya kwenda kusomea yale yale, majirani walicheka wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mtoto huyo alifukuzwa chuo mwaka wa tatu, baada ya kufeli mara mbili somo la mwendo wa maji kwenye mabomba. Tangu hapo alikuwa akikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, na kila Jumapili alipiga simu nyumbani kueleza masomo yanavyokwenda. Alieleza vizuri. Laiti mtihani ungekuwa wa kueleza kwa simu, angeongoza darasa.

Mpango wake ulikuwa apige picha moja akiwa na joho, aitume, yaishe. Mama alikuwa ameshapigilia msumari sebuleni, kando ya picha ya Injinia akiwa na joho lake la kuhitimu. Ndipo Injinia akasema anakuja mwenyewe. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

Chumbani kwa kijana, baba aliketi ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa kimejaa nguo. Alitazama ufa uliokuwa kando ya dirisha, akaugonga mara tatu. "Hapa pana maji," alisema.

Kijana aliogopa kwelikweli. Mzee akiuliza swali moja tu la kitaalamu, mambo yamekwisha. Mtaa mzima utajua, na mama hatatoka mlangoni kwa aibu. Lakini hakuulizwa.

"Sherehe inaanza saa ngapi?"

"Saa nne, baba. Ila kadi za wageni..."

"Viti vya ukumbini vinaniumiza mgongo. Twende saa nane, watu wakiwa wanatoka. Picha nzuri hupigwa nje."

Kijana alikuwa ametunga uongo mrefu kuhusu zile kadi, na haukuhitajika hata robo. Alimshukuru Mungu kwa mgongo wa baba yake.

Kesho yake saa nane walisimama mbele ya ngazi za chuo, katikati ya wahitimu waliokuwa wakikumbatiana na jamaa zao. Kijana alivaa joho, akaomba kimoyomoyo asipite mwalimu anayemjua. Akapita yule yule wa somo la mabomba. Alisimama, akamkazia macho.

"Wewe si ulituacha mwaka juzi?"

Kijana alijifanya anafunga kishikizo cha joho.

"Mwalimu, samahani," alisema Injinia, simu mkononi. "Unatutia kivuli kwenye picha."

Mwalimu aliomba radhi, akaondoka huku akigeuka nyuma mara mbili.

"Baba, yule..."

"Huyo amechanganya watu. Simama wima."

Kijana alisimama wima. Injinia alimtazama kupitia simu, akaishusha, akamtazama tena kwa macho yake mwenyewe.

"Hicho kitambaa cha kijani mabegani ulikichagua wewe?"

"Nilipewa dukani, baba."

"Wahandisi wana cha rangi ya machungwa. Nimeuliza."

Hapo kijana alijua siri imefichuka. Alianza kuvua joho, machozi yakimlengalenga, akitafuta pa kuanzia kuungama. Baba yake hakumsubiri. Alimwendea mhitimu mmoja, akazungumza naye kwa adabu kama mtu anayeomba kiberiti, akarudi na kitambaa cha machungwa. Akamvika mwanawe, akakilaza sawasawa mabegani, akampangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi wakati wangu sikuuliza," alisema Injinia, akirudi nyuma hatua tatu na kuinua simu. "Nilikodi joho la mawakili. Huu mwaka wa thelathini na moja, wakili akija kwetu nampokelea barazani."