Choo, Sufuria na Mama Mkwe

"Mwanangu, sufuria imeniambia tumbo linakuendesha tangu juzi," alisema mama mkwe wangu, Bi Tumu, akiniwekea bakuli la uji wa mchele jikoni kwake. "Leo mara nne, tena majimaji."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe! Mtu ambaye hata kukohoa mbele yake naona haya, leo anahesabu safari zangu za chooni.

Na wa kulaumiwa ni mimi. Zamani choo cha kampuni hii na sufuria ya kampuni ile havikuelewana. Mimi ndiye niliyebuni itifaki, lugha moja ya mashine zote, na kanuni ya kwanza niliiandika mwenyewe: mashine isiifiche nyingine kitu. Nikapigiwa makofi. Kisha ikawa sheria, na nyumba za ndugu na wakwe zikaunganishwa. Sasa vinyesi vya ukoo mzima vinatangazwa jikoni kabla ya chai. Kinyaa kitupu!

"Kunywa, baba, usione haya."

Nikainama, nikanywa. Lakini sufuria ya kwangu nayo husema. Wiki ya tatu hii, kila asubuhi nikichemsha chai, hunisomea damu inayoonekana chooni kwa Bi Tumu. Mke wangu sijamwambia. Nianzie wapi?

"Nawe mama, hujambo?" nikamuuliza.

"Sijambo, mwanangu," akajibu haraka, macho yake kwenye sufuria.

"Alhamdulillahi," nikasema.