Mstari Mmoja wa Pembe

Shekue na Mwatumu walikuwa wameunda maktaba ya programu za hisabati, kubwa kiasi kwamba kompyuta dhaifu zilishindwa kuipakua. Kanuni yao ilikuwa moja: mstari wa programu ulioandikwa na mmoja hauingizwi kabla mwingine hajausoma na kuukosoa.

"Tuigawe vifurushi viwili," alisema Mwatumu asubuhi hiyo. "Anayetaka aljebra yako abebeshwe jiometri yangu kwa kosa gani?"

"Na kazi yangu ataisoma nani?"

"Utajisomea mwenyewe, bwana. Si huwa unasema hukosei?"

Hoja ilikuwa nzuri, jambo lililomuudhi Shekue. Miaka yote alikuwa amenung'unikia kukosolewa. Sasa wazo la kutokosolewa lilimkosesha raha, wala hakuwa na sababu ya kihisabati ya kupinga.

Akaanza kuitenga aljebra yake. Ilijitenga bila taabu, isipokuwa mstari mmoja uliotegemea kanuni ya Mwatumu ya kupima pembe. Kuuandika upya kungekuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Shekue akanywa chai, na mstari akauacha.

"Haigawanyiki, Bi Mwatumu," akatangaza.

Mwatumu akavuta kiti, akausoma. "Huu unaondoka, Shekue. Hata mwanafunzi angeuondoa."

"Basi nikosoe."

Kidole cha Mwatumu kikatua juu ya kitufe cha kufuta, kikakaa hapo bila kukibonyeza, huku mkono wa pili ukimsogezea Shekue birika.