Macho ya Dereva

Walikuwa wameshavuka mpaka, na lori la Makoye lilikuwa linajikokota nyuma ya trekta la miwa. Kando yake alikaa Spesioza, mkewe, ambaye Makoye alikuwa anamrudisha kwa wazazi wake. Majirani walisema mwanamke huyu ana mtu. Yeye aliapa kwamba hana, Makoye akamwita mwongo.

Kwao Makoye magari hushika kushoto. Nchi hii hushika kulia, na usukani wa lori ukabaki kulekule kulia, upande wa mtaro, dereva asione kinachokuja mbele. Madereva wa kwao wakivuka huku, aliyekaa kushoto ndiye macho yao.

"Mbele kukoje?" Makoye aliuliza. Hakuwa amemsemesha tangu asubuhi.

"He! Dereva leo anamuuliza mwongo?"

"Spesi, sitanii. Kuna gari?"

Mwanamke alitoa kichwa dirishani, akatazama vizuri. "Hakuna. Pita."

Makoye alikaza mikono kwenye usukani, lakini hakupita. Wakangoja wote wawili. Barabara ilikuwa imenyooka, na upande ule halikuja gari hata moja, wala baiskeli, mpaka trekta lilipokata kona kuingia shambani.

"Umeona," alisema Spesioza, bila hasira.

"Basi turudi nyumbani."

"Endesha, Makoye."

Alishuka kwao, akabeba begi lake mwenyewe. Baadaye aliolewa na fundi cherehani. Majirani walihama. Makoye bado anavuka mpaka ule, peke yake, na huko hapiti gari lolote.