Njuguna Anajifunza Kuondoka

Tangu saa mbili asubuhi Njuguna alikuwa akimwacha mkewe, na kila akimwacha, anaharibu.

"Kata! Anko, umegeuka tena," Tanvi alisema nyuma ya kamera. "Mtu amechoka na maisha yake. Anatoka, anaenda. Hageuki!"

"Nimesikia."

Hakuwa amesikia lolote. Alichukua sanduku, akarudi mlangoni kuanza upya. Pale kizingitini Nyokabi, mke wake wa ndoa, alikuwa amekaa anamenya viazi vya wageni kana kwamba si yeye anayeachwa.

Mambo haya yalianzia Dagoretti Corner, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako Njuguna alikuwa amepima misumari tangu akiwa na nywele kichwani. Tanvi, binti wa wafanyabiashara wa Ngara anayesomea filamu, aliingia kununua kamba, akamtazama usoni, akaisahau kamba. "Hii sura nimeitafuta mwezi mzima," alisema. Filamu yenyewe ilikuwa fupi: mwanamume amechoshwa na maisha yake, asubuhi moja anatoka kwake bila kuaga. Jamani, kuna watu hutukanwa wakashukuru. Njuguna alitembea na tabasamu wiki nzima.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Jioni ya siku hii ya kurekodi, kamera zikizimwa, angepanda basi la Nakuru, ambako kikundi cha maigizo kilikuwa kimekubali kumchukua. Misumari imetosha. Ugali, taarifa ya habari, kulala, kuamka, basi! Miguu ilikuwa ikimwasha tangu Krismasi. Binti yao Nyakio alishaolewa, ana kwake. Kilichobaki ni kumwambia Nyokabi, na maneno hayo alikuwa ameyameza siku nyingi mpaka yakamletea kiungulia.

Tena Nyokabi mwenyewe alimzidishia aibu. Huyu mama hakupenda hata mgeni wa chai, lakini alipoombwa nyumba yao itumike kurekodia, alikubali kabla swali halijaisha. Aliuliza tu ni siku gani.

Shida nyingine ilikuwa Thuo, jirani mwenye kibanda kinachotazamana na geti lao. Thuo hajawahi kuona mtu na mzigo asimuulize anaenda wapi, kwa nani, atarudi lini. Asubuhi hiyo aliharibu picha kwa maswali yake, hadi Tanvi akawakusanya majirani wote akawasihi: leo, mtu yeyote akitoka na mzigo kwa hili geti, asiulizwe kitu. Hata salamu asipewe.

"Hata tukimjua?" Thuo aliuliza, ameumia kweli.

"Hata mkimjua."

Nyokabi aliweka kisu chini, akamvuta mumewe kando.

"Baba Nyakio, wewe shida yako ni moja. Unafikiri unaondoka sasa. Jiambie ulienda kitambo, leo ni miguu tu inafuata."

"Na wewe haya mambo ya kuigiza umejulia wapi?"

Nyokabi alijipangusa mikono kwa leso. "Mimi naingia ndani, ndio usinione. Nenda."

Akaenda. Safari hii alipita geti, akampita Thuo aliyejiziba mdomo kwa mikono miwili, akashika njia bila kugeuza shingo. Tanvi aliruka kwa furaha. Hapo hapo akamteremsha yeye na watu wa kamera hadi bondeni, wapige picha za viatu vyake vikivuka daraja, na kazi hiyo ikala asubuhi yote iliyobaki.

Njuguna alipanda mlima kurudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Ulimi ulikuwa tayari. Angemwambia leo leo, kabla ya chakula, amtazame machoni: Mama Nyakio, mimi naenda, na sirudi. Alijua atalia. Alijipanga hata kwa kilio hicho, atasimama vipi, atamshika bega au asimshike.

Jikoni viazi vilikuwa vimeiva na kufunikwa. Nyokabi hakuwako. Chumbani hakuwako, wala uani. Njuguna akatoka hadi getini.

"Thuo, umemwona Mama Nyakio?"

Thuo aliangalia huku, akaangalia kule, akanong'ona. "Kwani mmemaliza kurekodi? Naweza kuongea?"

"Ongea, bwana!"

"Alitoka na mizigo yake, teksi ikamkuta hapa. Na sikumuuliza kitu, haki ya Mungu! Nilimsaidia tu kupakia." Thuo alitikisa kichwa, bado anashangaa. "Lakini usikasirike, Baba Nyakio, mama amekushinda kuigiza. Alivyokuwa akilia akiingia kwa gari! Sisi wote tulimpigia makofi mpaka gari likapotea."