Babu wa Nyati na Konokono

Ka! Gamba la Konokono lilipasuka usiku. Kulipopambazuka alijikokota hadi kwenye udongo wa chokaa, maana bila kuulamba gamba lisingeziba, naye angekufa. Mlinzi wa udongo huo, Nyati, hakumruhusu yeyote kulamba kabla ya kumtaja babu wa kwanza wa ukoo wake.

"Babu yako nani, wewe mate matupu?"

"Mtaje wako kwanza, bwana mkubwa. Yule aliyepika chuma cha damu yako."

Foleni nzima ya wanyama waliosubiri kulamba ikaguna. Nyati alimjua babu huyo, ila alimficha, kwani kumtaja kungewafanya wote ndugu.

"Ndiye aliyepika pia chokaa ya gamba langu," Konokono akaendelea. "Alipasuka, akamwaga vyote angani, dunia ikafinyangwa navyo. Unaniacha nife, nduguyo?"

Nyati akampisha.

"Babu yetu," akasema, "ni Nyota."