Utepe wa Kanga

Asubuhi ya maziko Nyamizi alifungua utepe wa kanga uliofungwa mkononi mwa marehemu, bibi ambaye yeye alimuuguza. Tangu aletwe kufanya kazi katika nchi hii ya ugenini, ncha moja ilikuwa kwa bibi kitandani na nyingine kwake yeye, chini sakafuni, ili mgonjwa akijitikisa tu naye ashtuke. Mkono wa Nyamizi ulikuwa umefanya alama nyeusi, kama amevaa bangili.

Wageni walipopungua, alimfuata tajiri wake sebuleni, mkoba wa nguo begani.

"Mama, ulisema bibi akitangulia, nitarudi kwetu. Naomba pasipoti yangu."

Bi Rukaya alishusha leso machoni. "Mama yangu hata udongo haujakauka! Matanga hatujaanua, wewe unadai safari? Huna haya?"

Nyamizi akainamisha kichwa. Kweli alijiona amekosa adabu.

"Nisamehe, mama."

"Pasipoti iko kabatini kwangu, haiozi. Weka mkoba huo."

Akauweka, utepe ukaning'inia juu yake. Mlango ukafunguliwa, vijana wawili wakamsukuma ndani mzee kwenye kiti cha magurudumu, shingo imemlalia begani, mate yanamtiririka.

"Kaka yake marehemu," Bi Rukaya alisema. "Siku zote alikuwa anangojea nafasi tu."

Bi Rukaya akauokota utepe, akamfunga mzee mkononi kwa upole, kisha akashika ncha ya pili na kusubiri.

Nyamizi alitazama chini, akauona mkono wake mwenyewe umeshanyooshwa.