Waya wa Mwisho

Hilali alishika waya wa mwisho kati ya sita zilizotoka kwenye mota. Mashine hii ya kusaga ilikuwa yake, kule Tabora mjini, kabla haijataifishwa na kuletwa hapa kijijini, naye akaitwa kuja kuiunganisha. Akiufunga waya huu tu pasipo pake, mota itaungua.

Nyuma yake walingoja kina mama wenye mahindi, viganja vimechubuka kwa kutwanga. Alivitazama, kisha akaufunga waya mahali pake.

Jenereta ikawashwa. Mashine ikanguruma, wakashangilia.

Hilali akainua kikapu chake cha mahindi. "Ndugu mwenyekiti, naomba na mimi nisage haya kidogo."

"Mashine ni ya wanakijiji, mzee Hilali. Wewe ni mtu wa mjini."

Akakitua kikapu, akabaki akiisikiliza ikisaga.